Masikio ya Baba

Nilijifunza kuchora mwaka ule niliokuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, na hadi leo sijui kama nishukuru au nilaani. Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu wa Area D hapa Dodoma, mama mstaafu aliyewahi kufundisha sanaa chuo cha ualimu, mkali kama pilipili, asiye na muda wa kumsifu mtoto wa mtu. Alinipokea kwa sababu mama yangu alimsumbua mpaka akachoka.

Siku ya kwanza aliniwekea kigoda uani, chini ya mzabibu wake, akanipa penseli. Nikachora. Akaitazama karatasi, akasonya.

"Hiki ni kigoda cha nani?"

"Si hicho hapo, mwalimu?"

"Hicho hapo kimepasuka na mguu mmoja umepinda. Wewe umenichorea kigoda cha kitabuni. Hata hukukitazama. Ulikumbuka jina lake tu, mkono ukamaliza kazi."

Akanipiga marufuku kutaja majina. Nisiseme mguu, nisiseme kiti. Niseme mstari unaelekea wapi, unakatikia wapi, na ule uwazi ulio kati ya mguu na mguu una umbo gani. Nilichora uwazi mpaka nikauota: vipande vya anga kati ya matawi ya mzabibu uliopogolewa, pengo kati ya kikombe na mkono wake. Nilikuwa nachukia kila dakika. Halafu asubuhi moja, nikiwa nimetumwa dukani, nikagundua kwamba kivuli cha ukuta wetu si cheusi. Kina wekundu wa vumbi na ubuluu kidogo pembeni. Nikaona kwamba mama akiinama kufagia, bega la kushoto hutangulia kushuka. Nilirudi nyumbani bila chumvi niliyotumwa, nikatukanwa, na sikujali.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu: baba anikalie nimchore. Alikuwa karani mstaafu wa serikali, mtu wa shati la pasi hata siku ya kupalilia, mchoyo wa maneno kwetu sisi wanawe. Kwake yeye, kuchora ulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Nilitaka ashike karatasi mkononi aone kwamba binti yake anaweza kitu, na kwamba nimemtazama vizuri kuliko mtu yeyote. Nilimbembeleza wiki baada ya wiki.

Jumapili moja tulipotoka kanisani akakubali. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, ubavu wake kwangu, redio mapajani. Nikafanya nilivyofundishwa. Sikumchora baba, nilifuata mstari. Mstari ulishuka paji la uso, ukapita puani, ukazunguka taya, ukapanda sikioni. Chini ya sikio nilitegemea mviringo laini, lakini haukuwapo. Palikuwa na kifundo kidogo na alama nyembamba iliyopanda, ngozi imekunjamana kama pindo la nguo lililoshonwa kwa mkono. Nikaichora vile vile. Sikujiuliza ni nini, maana nilikuwa nimekatazwa kujiuliza.

Baba alipoipokea ile karatasi alitabasamu. Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote: kwanza alitabasamu.

"Mh! Ndiyo mimi kabisa."

Kisha macho yake yakashuka, na kidole kikapanda chenyewe mpaka sikioni.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, baba?"

Aliikunja karatasi, akaingia jikoni, akaitia kwenye jiko la mkaa chini ya sufuria ya maharage. Mchana tukayala yale maharage.

Mama ndiye aliyenieleza jioni, tukichambua mchele, baada ya kuniapisha nisimtaje. Baba alizaliwa kijijini huko Chamwino, na kama Wagogo wengi wa rika lake alitogwa masikio akiwa mdogo, matundu yakatanuliwa kwa vipande vya mti mpaka ndewe zikaning'inia. Kwao ulikuwa urembo na heshima. Alipopata kazi mjini, wenzake ofisini wakamgeuza kichekesho. Siku moja mmoja wao akamtundikia sikioni funguo za kabati mbele ya wageni, watu wakacheka mpaka machozi, naye akacheka pamoja nao. Likizo yake ya kwanza aliimalizia hospitali, akishonwa masikio yote mawili.

Nilimsikiliza mama nikijiona mjinga. Nilikuwa nimekula meza moja na baba tangu nizaliwe, nimempokea mkoba mlangoni kila jioni, na sikuwahi kuuona ule mshono. Na macho yakishafunguka hayachagui. Usiku ule ule nilianza kumwona upya marehemu bibi.

Bibi mzaa baba alikuwa na masikio yaliyokaribia kugusa mabega, yenye shanga. Kila alipokuja kututembelea, kabla hajamaliza kutusalimia "Mbukwenyi," baba alikuwa ameshatoka chumbani na kitambaa. "Mama, jifunge, upepo wa hapa mbaya." Dodoma kuna upepo, hilo halina ubishi, kwa hiyo nilimwona baba kuwa mwana anayemjali mama yake. Wageni wa ofisini wakija, bibi alipelekewa chakula chumba cha nyuma ili apumzike. Siku ya kipaimara cha kaka yangu alibaki kulinda nyumba. Bibi wa watu alikufa akiamini mjini kuna baridi.

Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa nimefura. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akanawa mikono yake taratibu.

"Basi umeona," akasema.

"Sasa nifanyeje?"

"Hilo mimi sikufundishi."

Nilimkasirikia kwa jibu lile, na bado nimemkasirikia. Niliwakasirikia pia wale makarani waliocheka, ambao bila shaka walishasahau kabla ya chai ya saa nne. Lakini niliyemkasirikia kwanza alikuwa baba, aliyeumizwa na watu akaenda kumfunika mama yake.

Hakunikalia tena. Akiniona na penseli alihamisha kiti. Nikaja kuifanya kuchora kazi yangu ya kula, nikachora maharusi, maaskofu, watoto wa wenyewe, na miaka yote hiyo mtu niliyetaka kumchora alikuwa akinipa kisogo.

Mwaka jana aliumwa, akarudishwa nyumbani kwa kuwa hospitali walikuwa wamemaliza la kufanya. Akaniita chumbani.

"Njoo unichore."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, sioni haya kusema. Nilidhani amenisamehe kile ambacho sikukosea. Nikakimbia kuleta karatasi nzuri niliyokuwa nimeitunza. Niliporudi alikuwa ameketishwa kitandani, ameshavaa shati la pasi.

"Ni ya msibani," akasema. "Kaka zako wataweka picha ya simu, na picha ya simu haina adabu, inaonyesha kila kitu. Wewe unaweza kuambiwa." Akagusa sikio moja, kisha la pili. "Hapa uweke kawaida."

Nikaweka kawaida. Mkono haukuhitaji hata kumtazama. Ulimaliza haraka, kama siku ile ya kigoda. Baba akaishika karatasi mbele ya dirisha, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukalegea namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Sasa umejua kuchora," akasema.

Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa. Nilitoka nje, nikalia kwa hasira.

Msibani picha ile iliwekwa sebuleni kwenye fremu, imezungushiwa maua. Kila aliyeingia alinishika mkono: umempata hasa, ni yeye mwenyewe, kama anataka kusema. Nilijibu asante. Siku ya pili akafika shangazi kutoka kijijini, dada mkubwa wa baba, amechoka na safari, masikio yake marefu yakiwa wazi yanacheza kila anapogeuka. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa kati ya waombolezaji kaka yangu mkubwa alipoinuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa.

"Shikamoo, shangazi. Hebu jifunge," akamwambia kwa upole kabisa. "Upepo wa hapa mbaya."

Shangazi akamshukuru, akajifunga, akakaa chini ya picha.