Marashi Hatoboi Tena

Wingu limefunga, na Marashi anachimba shimo uani kama mtu anayefukuzwa. Jasho linamtiririka hadi kwenye mabuti. Nyuma yake choo cha wapangaji kimejaa pomoni.

"We Marashi, unajitesa nini?" Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni, kashika kiuno. "Toboa choo hapo ubavuni, mvua ibebe!"

"Sitoboi, mama."

"Mwaka jana si ulitoboa wewe mwenyewe?"

Kweli, alitoboa. Kazi yake ya kutapisha vyoo ndivyo ilivyokwenda miaka yote: subiri mvua, toboa, uchafu uingie mtaroni, chukua chako, sepa. Jina la Marashi walimpa watani, naye akalipokea.

Ila mtaro huo unateremka bondeni, unapita kwenye matuta ya mchicha, na bondeni ndiko kwake. Juzi binti yake mdogo katapika mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu. Nyumba nzima wanameza dawa, wanapona, kisha minyoo wanarudi kama wameacha mzigo.

"Mke wangu ananiuliza, baba watoto, hawa wadudu wanatoka wapi?" anasema, koleo halitulii. "Nimwambie nini? Nawaleta mimi?"

"Hapo unapochimba nataka kujenga chumba!" mama anang'aka. "Naita mwingine!"

"Ita. Lakini mjukuu wako yule pale."

Mama anageuka. Mtoto yuko mtaroni, peku, anasukuma gari la kopo. Mama anamfuata, anamvuta mkono, anarudi kanuna.

"Chimba basi! Na ulifukie vizuri, sitaki harufu yako ibaki hapa."

Marashi anacheka. Anahamisha uchafu shimoni ndoo kwa ndoo, anafukia. Tone la kwanza linamkuta anashindilia udongo.

Mvua inashuka. Anasogea mtaroni, anatazama. Maji yanakuja ya tope tu, mara yanageuka meusi, yananuka. Huko juu kuna mtu katoboa, na anamjua: vyoo vya huko anatapisha shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyemfundisha kazi.

Marashi anatupia koleo begani. Hasubiri mvua ikatike.

"Namfuata shemeji yangu sasa hivi," anamwambia mama mlangoni. "Nitamwambia, shemeji, mjomba mtu unamtumia mpwa wako minyoo! Njoo tuchimbe wote. Akikataa, Jumapili namkaribisha kwangu, namwandalia mchicha wa bondeni."