Foto Ambayo Symphorien Aliapa Kuichoma

Mudogo wangu Symphorien anapiga foto hapa Nyabiondo tangu mwaka 1979, na katika miaka yote hiyo hakumuruhusu muntu hata mmoja kucheka. Ninaandika habari zake mimi, dada yake mukubwa, kwa sababu nilimubeba mugongoni, nikamufundisha herufi kabla ya mwalimu kumufundisha, na kwa sababu akizisimulia mwenyewe ataruka kipande kile alipomudanganya mujane.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukutani alichora ziwa, na juu ya ziwa ndege ya kubeba watu, lakini mabawa yake hayakulingana, basi watoto walikuwa wanauliza kama inaanguka. Kulikuwa meza, ua la plastiki, redio isiyosema, na veste, koti la suti. Veste ile ilikuwa ya bluu, na ilikuwa moja. Mwembamba alifungiwa nyuma na pini za nguo. Munene aliivaa bila kufunga vifungo, akaambiwa ashike ua mbele ya tumbo. Walimu waliivaa, wachungaji wawili waliivaa, na muntu aliyeiba mbuzi ya muchungaji mmoja wao naye aliivaa, wiki ileile. Siku moja mugeni kutoka Goma alifungua albamu kwa jirani, akageuza kurasa, akauliza kwa heshima kama wanaume wote wa Nyabiondo walikuwa wanafanya kazi kwa kampuni moja.

"Simama sawa," Symphorien alikuwa anasema. "Mikono chini. Funga kinywa. Foto si muchezo, foto ni kitu ya kubaki."

Unasimama hivyo mpaka jasho linatoka, na yeye anaenda kutafuta miwani.

Sasa, waliozaliwa na telefone mukononi hawajui filimu ilikuwa nini. Filimu ilikuwa na pozi thelathini na sita, na haikuenda kusafishwa kwa labo ya Goma mpaka pozi zote ziishe. Watu waliopigwa nao wanaulizia foto zao kila asubuhi. Basi zikibaki pozi tatu ao ine, na dereva wa lori anapiga honi barabarani, Symphorien alikuwa anatoka inje na kuzimaliza kwa chochote kinachopita: mama anayepepeta maharagi, watoto wanaogombania muwa, muzee amelala na kofia imemuangukia kinywani. Hakuwaambia wasimame sawa, maana hakukuwa na wakati. Labo ilizitoa zote, na hizo za mwisho hakuna aliyezitaka. Yeye mwenyewe aliziita takataka za filimu. Lakini hakuzitupa. Aliziweka ndani ya mukebe wa maziwa ya unga, ule mukubwa, akaufunga na kamba ya mupira.

Mukebe ule ninaujua vizuri, kwa sababu ni mimi niliubeba. Tulipokimbia vita mara ya kwanza, nilitoa ndani ya nyumba chungu, blanketi, na ule mukebe, nikifikiri ni maziwa. Niliubeba juu ya kichwa siku tatu mpaka Kashuga. Watoto wakilia njaa njiani, niliwaambia kuna kitu ninawawekea. Tulipofika kambini nilichemusha maji, nikawaita wote na vikombe vyao, nikafungua mukebe mbele yao. Sikusema na Symphorien wiki nzima. Yeye alinishukuru sana.

Na foto nzuri, zile za veste? Kila muntu alikuwa nazo kwake, ndani ya kadre, ukutani. Nyumba zilipoungua, ziliungua nazo.

Mwaka jana njo Athanasie alikuja. Athanasie ni jirani yetu, mujane wa Edmond, yule katekiste aliyekufa kwa homa mwaka 1998 na kumuachia mutoto wa miezi sita, Aurélie. Sasa Aurélie amepata muchumba, Élie, mekanisiye wa mashine kule Bisie, na watu wake wa Walikale walikuwa wanaleta dote, ile mahari, Jumamosi. Katika ukoo wa Edmond, baba akiwa amekufa, kiti chake kinawekwa mbele na foto yake juu, na wakwe wanasalimia kiti kwanza.

Alitukuta tunachambua maharagi. Hakukaa.

"Papa Symphorien, ulimupiga Edmond na veste, mwaka ya ndoa yetu."

"Nilimupiga."

"Filimu yake iko wapi?"

"Muchwa ilikula."

"Yote?"

"Muchwa haichagule, mama."

"Hakuna ingine? Hata mubaya? Hata ya nusu kichwa?"

Symphorien aliangalia maharagi. "Hakuna."

"Basi Jumamosi kiti itabaki wazi," Athanasie akasema. "Mutoto yangu hajaona sura ya baba yake hata siku moja. Ataniuliza alikuwa muntu wa namna gani, na mi nitamuonyesha ubao ya kiti."

Alipoondoka, niliona Symphorien anatupa maharagi na kubakisha mawe.

"Wewe," nikamuambia, "uko na foto."

"Dada, niko nayo. Lakini niliapa kuichoma."

Hapo njo akanisimulia. Ilikuwa Pasaka ya 1995. Asubuhi ile Edmond alifundisha ndani ya kapela, kwa sauti ya kutisha, kwamba mwanaume anatembea mbele na mwanamuke anafuata. Baada ya misa, mvua ilikuwa imebeba mbao za daraja, na Athanasie alikuwa na viatu vipya. Edmond aliangalia nyuma, akaona kwamba watu wote wamekwisha kupita. Akakunja suruali, akamubeba muke wake mugongoni, akashika viatu vyake kwa meno, akaingia mutoni. Athanasie juu alikuwa na mwavuli mukono mumoja, na mukono mwingine unaonyesha njia. Na Symphorien alikuwa ngambo, nyuma ya migomba, na pozi moja iliyobaki.

Foto iliporudi kutoka Goma alimupelekea Edmond, akifikiri atafurahi. Edmond alisema neno moja: "Ichome." Na Symphorien akaapa kwa mama yake. Mama yake ni mama yangu pia, na hakuniuliza.

"Miaka karibu makumi tatu imepita," nikasema. "Ulikuwa unangojea nini?"

"Niliapa nitaichoma. Siku sikusema."

"Basi umuonyeshe Athanasie."

"Nionyeshe foto ya katekiste na magoti inje? Foto yenyewe haikusimama sawa, imeinama kama nyumba ya mulevi. Hapana. Niko na mawazo ingine."

Mawazo yake ilikuwa Polycarpe, mudogo wa Edmond, muntu wa miaka sitini mwenye kujiheshimu kama gavana. Symphorien alitoa ndani ya sanduku veste, ile aliyokimbia nayo, akamuvalisha, akamupaka rangi nyeusi kwenye mvi, akamusimamisha mbele ya shuka. "Kwa foto zangu watu wote wanafanana," aliniambia, na hakusema kwa haya. Mimi nilinyoosha veste na pasi. Ninasema ukweli wangu pia.

Foto ilitolewa Masisi, ikarudi Alhamisi na pikipiki. Tukaipeleka kwa Athanasie. Polycarpe naye alikuja, aone machozi.

Athanasie aliiangalia mbali, akaiangalia karibu.

"Veste ninaitambua," akasema. "Muntu simutambue."

Polycarpe alianza kukohoa. Athanasie akamugeukia, akaona rangi inamushuka kwenye shingo, akarudisha macho kwa foto, akaiweka chini, uso umelala juu ya meza. Hakukasirika. Kama angekasirika ingekuwa afadhali. Aliketi tu, mikono kwenye magoti, kama muntu aliyefika sokoni wakati watu wamekwisha kukunja mifuko. Nilirudi nyumbani mbio, na miaka yangu yote hii, nikachukua mukebe.

Symphorien aliona ninautia mezani. "Dada, niliapa."

"Uliapa kwa mama yangu. Mi njo mukubwa, ninakufungulia."

Athanasie alichukua foto, akaenda nayo mulangoni kwenye mwanga.

"Viatu hivi vilikuwa vinanibana," akasema mwishowe. Kisha: "Nilikuwa ninamuonyesha mawe. Alikanyaga kila pahali pasipokuwa mawe."

"Mama, unisamehe," Symphorien akasema. "Iko mubaya. Kinywa iko wazi."

"Kinywa iko na viatu."

"Ndiyo, njo maana inaonekana kama anacheka."

"Anacheka, Papa Symphorien. Miaka ine nililala pembeni ya haya macho. Anacheka."

Akamuita Aurélie, aliyekuwa anatwanga majani ya sombe inje. Aurélie alikuja na muchi mukononi. Inatupasa kujua kwamba mutoto huyu, tangu shule ya musingi, wenzake walimuita Korongo, kwa ajili ya miguu yake mirefu. Mama yake ana miguu ya kawaida, na kila muntu alikuwa anauliza ile ya mutoto ilitoka wapi. Aliangalia foto, hakuangalia uso kwanza. Aliangalia suruali iliyokunjwa.

"Mama," akasema, "kumbe ni yake."

"Ni yake. Nilikuambia."

"Ulisema alikuwa na miguu ya musimamo."

"Ilisimama. Uko unaona ilianguka?"

Hapo tu Aurélie akaangalia uso, na sisi wengine tukaanza kuangalia vitu vingine vya nyumba.

Polycarpe njo aliyeharibu. "Kaka yangu alikuwa katekiste. Wakwe watoke Walikale, wapite pori yote ile, waje kuona katekiste na viatu ya mwanamuke mu meno?"

"Ao nitie foto yako?" Athanasie akamuuliza.

Polycarpe akaenda kujinawisha kichwa.

Jumamosi walikuja na pikipiki ine, wamejaa matope mpaka masikio. Musemaji wao alikuwa Papa Akilimali, baba mudogo wa Élie, muwindaji wa zamani mwenye sauti ya kuita watu ngambo ya bonde. Foto ilikuwa juu ya kiti, tuliitoa kubwa kama dirisha. Akilimali alivua kofia, akainama kusalimia kiti, akabaki ameinama. Nilimufinya Symphorien, naye alinifinya.

"Huyu njo Papa Edmond?"

"Njo yeye," Athanasie akajibu.

"Na huyu wa juu, mwenye mwavuli?"

"Njo mimi."

"Walituambia alikuwa katekiste."

"Alikuwa."

Akilimali akasimama polepole. "Sisi tumeleta mbuzi, majembe na bitenge, vile mulituandikia. Mambo ya kubeba haikuwa kwa karatasi." Akageuka. "Élie, ulisoma karatasi?"

"Nilisoma, Papa."

"Iliandikwa kubeba?"

"Hapana, Papa."

"Basi iandikwe. Hatutaki kuitwa watu wa pori."

Hata Polycarpe alicheka, na yeye njo alikuwa na karatasi. Mabishano ya dote tulifikiri yatafika mpaka jioni. Yaliisha kabla ya bugali kuiva, na wapishi walitukana sana. Majembe mawili ya kuongeza ambayo Polycarpe alikuwa anayadai wiki mbili hakuyataja tena.

Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa imenyesha. Kutoka kwa Athanasie mpaka barabarani kuna matope ya kumeza muguu. Aurélie alivua viatu, akampa Élie. Élie akavitia ndani ya mifuko ya koti.

"Kwa meno," Akilimali akasema, tayari juu ya pikipiki.

Élie akaviweka kwa meno, akainama, na Korongo wetu akapanda, miguu karibu iburute chini. Symphorien alikimbia na apareyi yake ya foto. "Simameni sa..." akaanza. Kinywa kikabaki wazi, kisha akakifunga, akabonyeza. Foto hiyo imekata kichwa cha Akilimali, na kona moja ni kidole cha Symphorien. Athanasie ameitia ukutani, pembeni ya ile ingine.

Tangu hapo watu wanakuja kwetu kutafuta watu wao ndani ya mukebe: mama zao, wajomba zao, mbwa wao. Mimi pia nilitafuta. Kumbe siku ile ya Kashuga Symphorien alikuwa na pozi ya mwisho. Ni mimi pale, kifuniko mukononi, watoto wamenizunguka na vikombe, na uso wangu ninaoangalia nao mukebe sitaueleza hapa. Nimemuambia aape ataichoma, na safari hii ataje siku. Anasema bado anafikiri siku. Kila siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa, ninafungua mukebe kuona kama bado iko.