Mjumbe Bouazza na mtaa uliomficha mwanafunzi

Saa tatu asubuhi sanduku la rangi ya waridi limeshatoka mlangoni, linateremka kichochoro cha Derb Zitouna, mjini Meknes, juu ya mkokoteni wa mboga. Anayeusukuma ni Hmad, mwenye duka la kona. Nyuma yake anatembea Lalla Zhor, mjane wa miaka sabini na kitu, kakumbatia mto na blanketi. Nyuma kabisa anakuja mwenye sanduku, Prisca Moussavou, mwanafunzi wa kilimo kutoka Gabon, akimvuta bibi huyo nguo.

"Lalla, nisikilize. Mimi ndiye niliyemwita yule mtu!"

"Nyamaza, mwanangu. Tukishafika kwa dada yangu utasema unavyotaka."

Mkokoteni unakata kona na kukutana uso kwa uso na pikipiki ya Si Bouazza Lghandouri, mjumbe wa mtaa.

Bouazza anazima injini. Analitazama sanduku, halafu anamtazama Hmad.

"Sanduku la nani hili?"

"Langu."

"La waridi?"

"Nililikuta hivyo hivyo, Si Bouazza."

"Na unahama?"

"Hapana. Nalipeleka... likapate hewa."

Bouazza yumo katika kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anayezaliwa, anayefariki, anayeongeza chumba juu ya paa bila kibali, wote wanapita mdomoni mwake kabla ya kufika ofisi ya baraza. Na mwanafunzi mgeni vilevile. Bila hati ya ukaazi polisi hawapokei maombi ya kadi yake ya kuishi nchini, na ofisi haitoi hati mpaka mjumbe aseme: ndiyo, huyu anakaa mtaani kwangu. Kompyuta zimejaa ofisini, lakini jibu bado linaletwa na miguu ya Bouazza.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuandika," anasema. "Kazi yangu ni kuuliza. Na kuuliza kwenyewe ni kunywa chai. Nina mnanaa mwingi tumboni kuliko shamba la marehemu baba."

Mshahara, anasema, humaliza mwezi ukichechemea. Pikipiki ni yake, petroli pia.

Prisca alifuata njia iliyonyooka. Alikwenda mwenyewe ofisini, mama wa dirishani akamwelekeza kwa Bouazza, naye akaahidi kupita kwa majirani Jumatatu. Muda aliopewa alipoingia nchini ulikuwa unakwisha Ijumaa. Ukipita, hakuna kadi, na chuo hakimlipi fedha za masomo mgeni asiyeomba kadi.

"Bila fedha hizo ningerudi Libreville," anasema. "Mama yangu alishalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe atakuwa bibi shamba. Ningeingilia mlango gani?"

Mambo yaliharibika Jumatatu hiyo hiyo. Derb Zitouna mjumbe akiulizia mtu kwa jina, watu hawafikirii hati. Wanafikiri balaa. Na Prisca, aliyekuwa akiishi kwa Lalla Zhor, walikuwa wanampenda. Alikuwa akimsomea Lalla Zhor maandishi ya dawa, akimnunulia gesi, akisalimia mpaka wanaokunja uso. Basi wakamficha.

Hmad aliapa hajawahi kumuuzia mgeni hata yai. Fundi cherehani wa upande wa pili alisema nyumba ya Zhor haina mtu mwingine. Lalla Zhor mwenyewe alisimama mlangoni, mkono kifuani: "Naishi na Mola wangu na paka."

Prisca alikuwa darasani. Bouazza akaandika alichoambiwa, akampelekea mkubwa wake: hakuna mkaazi wa jina hilo.

"Nilidhani msichana amenidanganya," anasema, akicheka sasa. "Mtaa mzima unawezaje kusema uongo mmoja bila hata mtu kujikwaa?"

Jumatano hiyo, kando ya mkokoteni, Prisca hatimaye anapata nafasi ya kusema. Anaeleza kwa Kiarabu cha mtaani alichojifunza jikoni kwa Zhor, polepole, akihesabu vidole pale maneno yanapokwama. Kisha wote wanasema kwa pamoja.

"Kumbe! Basi tunamjua!" anasema Hmad.

"Yupo hapa tangu watu wanachuma zeituni!" fundi cherehani anapaza sauti dirishani.

"Ni mwanangu huyu!" anadakia Lalla Zhor.

Bouazza anavua kofia ya pikipiki.

"Juzi hamumjui, leo mwanenu. Kesho mtaniambia ndiye aliyewazaa? Nikirudi kwa mkubwa wangu na maneno mapya, ataniuliza nimekula nini, kwa nani. Niandike lipi?"

Prisca anaketi juu ya sanduku lake na kuanza kulia. Lalla Zhor anajipiga paja: "Nimemfukuza mimi. Kwa mdomo wangu huu huu."

Bouazza anawaacha hapo, anapanda kwa miguu hadi kwenye tanuri la mtaa. Huko kila nyumba hupeleka mikate yake ikiwa mibichi juu ya ubao, na Ba Jilali, mwoka mikate, huitambua kwa mkono uliokanda. Habari za kichochoroni zilikuwa hazijamfikia.

"Jilali, kuna msichana mgeni kwa Zhor?"

"Msichana gani? Zhor ana paka tu."

"Nionyeshe ubao wake."

Mikate mitatu ilikuwa mviringo safi, kana kwamba imekatwa kwa sahani. Wa nne umepinda upande, umevimba katikati, na alama ya kidole imezama juu.

"Na huu ni wa Zhor?"

"Wa Zhor."

"Amekanda maisha yake yote, leo mkono umemsahau?"

Jilali aliutazama mkate. Akamtazama mjumbe.

"Labda paka," akasema.

Bouazza alicheka mpaka akakalia gunia la unga.

"Na huyu paka ameanza kukanda lini?"

"Tangu vuli. Mwanzoni ilikuwa mibaya zaidi, haiivi ndani. Sasa ina nafuu. Usimwambie nimesema."

Huyo ndiye shahidi aliyekuwa anamtaka: mtu ambaye hakuna aliyemwambia abadilishe maneno. Bouazza aliandika ripoti upya, akaandika pia kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa. Lalla Zhor alivaa kaftani ya Idi, akaenda dirisha la ofisi kuthibitishiwa sahihi yake kwenye karatasi ya kwamba msichana anaishi kwake. Mkubwa wa ofisi alikunja uso, akauliza ushahidi. Bouazza akamwekea mezani mkate ule uliopinda, umeshaokwa, bado una joto. Mkubwa akaumega, akaonja, akasema chumvi haitoshi. Akasaini.

Alhamisi mchana Prisca alikuwa kwenye foleni ya polisi, hati mkononi.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Prisca alipata kadi, yuko mwaka wa tatu, anasomea magonjwa ya mizeituni. Lalla Zhor alipasuliwa jicho, sasa anasoma dawa zake mwenyewe. Bado wanaishi pamoja. Hmad aliuza duka akarudi Souss kwa mkewe. Fundi cherehani yupo dirishani. Ba Jilali anaoka, ingawa nyumba nyingi zimenunua jiko la gesi. Yule mkubwa wa ofisi alihamishiwa mji mwingine.

Bouazza anastaafu mwakani. Anatumaini atakayemrithi ataendelea na utaratibu aliouanzisha yeye, wa kuwaarifu majirani kabla mwanafunzi mgeni hajafika. Wiki iliyopita alipita Derb Zitouna kuwaambia kuhusu kijana wa Chad. Hajamaliza kutaja jina, kila mlango ukamjibu kwamba wanamjua vizuri, ana adabu, anakaa pale siku nyingi.

Kijana huyo anafika mwezi ujao.