Maji Aliyochota Machibya

Machibya alipenda kusifiwa kuliko kula, na kula alikupenda sana. Mwaka 1974, wapimaji wa miamba wa serikali walipopiga hema kijijini kwetu Somanda, yeye alikuwa wa kwanza kufika, akijipendekeza awabebee mizigo.

Walikuwa wanachora ramani: wapi pana mawe ya madini, wapi pana maji yanayonyweka. Ramani hiyo ilitugusa sisi hasa. Operesheni ya vijiji ilikuwa imeanza, na tuliambiwa tutahamishiwa Mwakilulu, mwendo wa siku nzima, iwapo maji ya huko yangeonekana mazuri.

Mkubwa wao, Bwana Januarius, alikuja na redio na kiti cha kukunja, na jua hakulitaka. Alimpa Machibya chupa kumi na mbili zenye namba, akachote kwenye visima kumi na viwili vya Mwakilulu. Siku ya nne zikarudi zote, maji maangavu. Januarius akayapima, akamsifu, akamwita mtaalamu mwenzake. Yule mpumbavu akatembea wiki nzima kifua mbele.

Tukahamishwa. Nyumba zetu zikabomolewa, tukaswaga ng'ombe hadi Mwakilulu. Ng'ombe wakanusa maji, wakageuka. Mama yangu, Nyanjige, hakuwa na pa kugeukia. Alikunywa, akaanza kuharisha. Siku ya tano tulimzika.

Nilimfuata Machibya hadi Nyashimo, ambako wapimaji walikuwa wamehamia. Nilimkuta anaosha sufuria za Januarius, amefurahi kuniona.

“Yale maji ya Mwakilulu uliyachota wapi?” nikamuuliza.

“Ya Mwakilulu? Nilifika, Marcelo. Nikaonja, nikatema. Machungu! Nikarudi nikajaza zote kwenye chemchemi yetu ya nyumbani.”

“Kwa nini?”

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili. “Wale ni wageni, tena wa serikali. Mgeni unampa maji mabaya? Si ningeutia aibu ukoo mzima?”

Ni kweli kwetu mgeni hupewa maji mazuri kuliko yote ya nyumbani. Lakini hata mbuzi angejua chupa zile hazikuwa za kunywa. Nilimdharau hata nikakosa nguvu ya kumpiga.

“Mayu Nyanjige hajambo?” akamuulizia mama.

“Tumemzika juzi. Ni maji yale.”

Aliiweka sufuria chini. Kisha akatazama kwenye hema, akashusha sauti, akaniomba nisimwambie Januarius.