Mtungi Uliovunjwa Shingo

Juzi nilikwenda kwa dada yangu Zuwena, Michenzani, nikaukuta kwenye roshani mtungi wa marehemu bibi yetu, umejaa udongo na mrehani.

Utotoni nilikuwa nikiuinamia na kutega sikio mdomoni mwake. Ulinukia udi na udongo mbichi, na ndani mlikuwa na mvumo mdogo. Niliamini ni Bibi, ingawa keshakufa, bado anavuta uradi wake wa baada ya sala. Siri hiyo nilimwambia Zuwena peke yake. Yeye aliupapasa mtungi, akaugonga kwa kidole.

"Una ufa. Unavuja."

Alasiri moja nilirudi kutoka chuo cha Kurani nikasikia jiwe likigonga uani. Zuwena alikuwa ameshauvunja shingo, apate kupanda mrehani.

"Ulikuwa haufai kitu," alisema, amefurahi. "Sasa una kazi."

"Na Bibi?"

"Bibi kafa, Khamis."

Leo najua mvumo ule ulikuwa upepo tu. Lakini juzi hiyo Zuwena alichuma jani, akalifikicha, akafumba macho.

"Hebu nusa," akanambia. "Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akinukia Bibi."

Nilinusa, nikanusa tena. Mimi niliona majani tu, na mtungi usio shingo.