Ugoro wa Mnyapara

Bado nina hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Hapa Gulwe, Mdachi anayepima njia ya reli alitafuta mtu wa kumbebea darubini yake ya kupimia hadi Tabora. Mimi niliyetoroka shule ili nione dunia, kazi hiyo niliitamani mpaka usingizini. Lakini mnyapara wetu, mzee wa Kigogo, kila nilipomsihi aniombee alijibu tu, "Tutaona." Nikaamini anamwekea mpwa wake. Kwa hasira nikachanganya pilipili ya kusaga kwenye kibuyu chake cha ugoro, apige chafya mbele ya Mdachi afukuzwe.

Asubuhi akaniita, Mdachi amesimama kando yake na darubini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bwana amekubali. Darubini utabeba wewe."

Si angesema tangu jana!

"Haya, tunuse kwanza. Msafiri hutangulia."

"Leo sitaki, mzee."

"Wewe? Wewe unayeniomba ugoro hata nikiwa kichakani nimechutama?" Watu wakaangua kicheko. "Nusa, usinitie aibu."

Nikanusa, mpumbavu mimi. Chafya ya kwanza ilimpata Mdachi usoni. Ya pili ikanibwaga juu ya darubini, na kioo kikapasuka.

Mnyapara akamimina ugoro kiganjani, akautazama, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ugoro wangu umeanza lini kuwa mwekundu?"