Jina yenye nilisoma ku redio

Leo profesa aliniuliza swali moja, nikakosa jibu.

Niko naomba kuingia master ya communication, ku chuo kikuu ya hapa Bunia; leo walikuwa wananihoji. Nilikuwa nimeshika nadharia zote ku kichwa.

Akauliza: «Unafanyaka kazi gani?»

«Ya redio, Profesa. Asubui ninasomaka matangazo ya vifo.»

Akatoa miwani ku macho.

«Basi ni weye. Siye tulikimbia vita kule Djugu, tukatawanyika. Kifo ya mama, niliisikia mu sauti yako.»

Nikasema pole.

«Unakumbuka jina yake?»

Nikatafuta. Ndugu zangu, majina mingi imepita mu kinywa yangu.

Ya mama yake haikukuja.

Akarudisha miwani, akasema tu: «Asante.»

Sijui kama watanipokea.

Lakini muniandikie hapa chini jina ya mutu wenu mwenye nilitangaza. Hii mara nitaishika ku kichwa.